Mkataba wa hali bora kwenye umeme na maji: tunajadiliana na mtu asiyeshika kalamu

#1 Fundi Laini (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Naomba leo tuzungumze mishahara ya mashirika ya umeme na maji, na hasa nani anaipanga. Kila Mei Mosi mjadala unaishia kwenye asilimia ya nyongeza. Mwaka 2022 ilikuwa 23.3, kima cha chini serikalini kikatoka 300,000 hadi 370,000. Mwaka 2025 pale Singida ikatangazwa 35.1, kikapanda hadi 500,000 kuanzia Julai. Sisi wa mashirika ya huduma tunarudi nyumbani tukiulizana: na sisi tumo, au tusubiri waraka?

Mimi ni fundi wa laini na ni mwakilishi wa chama tawini kwetu. Shirika sitalitaja. Nimekaa kwenye meza ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya mishahara na stahiki kati ya chama na mwajiri, na ninachoandika nimekiona. Hoja yangu ni hii: kwenye sekta yetu anayekaa upande wa pili wa meza hana mamlaka ya kuamua, na sisi tunaokaa upande huu tumeondolewa mgomo. Mkikutana watu wa namna hiyo, hayo si majadiliano tena, ni kuandika barua ya maombi kwa pamoja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 77, inataja huduma muhimu: maji na usafi wa mazingira, umeme, afya, zimamoto, uongozaji wa ndege, pamoja na usafiri unaohitajika ili huduma hizo zifanyike. Ukiwa humo, mgomo ni marufuku, isipokuwa kuwe na makubaliano ya huduma za kima cha chini wakati wa mgomo na Kamati ya Huduma Muhimu iwe imeyaridhia. Sipingi msingi wa katazo hilo. Hospitali ikikosa umeme usiku, mgonjwa aliye kwenye oksijeni hana cha kujadiliana na mtu. Hata Shirika la Kazi Duniani linakubali umeme na maji kuwa huduma muhimu kwa maana kamili. Ila shirika hilohilo linasema mfanyakazi aliyenyang'anywa mgomo apewe fidia yake, yaani usuluhishi na uamuzi wa haraka, usioegemea upande wowote, unaofunga pande zote mbili. Nusu ya kwanza ya kanuni hiyo tumeipokea yote. Nusu ya pili bado tunaidai.

Sasa upande wa mwajiri. Mkurugenzi anakuja na timu yake, mnakubaliana kipengele kwa kipengele, kisha anasema: "Hili tumelielewa, tunalipeleka juu." Juu ni wapi? Kwanza bodi. Halafu Msajili wa Hazina, mwenye jicho la serikali kwenye mashirika ya umma. Halafu ofisi ya serikali ya Utumishi, wenye miundo ya mishahara na nyaraka zake. Pembeni yupo EWURA, mdhibiti anayeamua bei ya umeme na maji, na ndani ya bei hiyo gharama za wafanyakazi zimo. Katika hao wote, aliyekaa mezani na sisi ni mmoja tu, naye ndiye mwenye kalamu fupi kuliko wote.

Nani kati yenu ameshawahi kuona mkataba wa hali bora kwenye shirika la umma ukianza kulipwa tarehe ileile iliyoandikwa ukurasa wa kwanza?

#2 Mlipa Luku

Mkuu, nimekusoma lakini niwe mkweli. Mishahara yenu inatoka kwenye luku yangu, umeme ninaoulipia kabla ya kuutumia. Nikiweka 10,000 nataka niwashe taa, sitaki kulipia posho za vikao. Kila mkiongezwa, bei inapanda. Bora serikali iwashike hapohapo.

#3 Fundi Laini

Mlipa Luku, hofu yako ina haki na siwezi kuipuuza. Lakini tuangalie bei ilipanda kwa sababu gani.

Januari 2012 EWURA iliridhia ongezeko la asilimia 40.29. Kabla ya hapo mvua zilikuwa zimegoma, mabwawa yamekauka, na nchi ilikuwa inawasha mitambo ya kukodi inayokunywa dizeli na mafuta mazito. Ongezeko lile lilibeba mafuta na mikataba ya mitambo. Mshahara wa fundi haukuwa kichwa cha habari, na haujawahi kuwa.

Halafu kumbuka mwisho wa 2016. Shirika la umeme, TANESCO, liliomba nyongeza ya asilimia 18.19, EWURA baada ya kusikiliza watu ikatoa 8.53, ianze Januari mosi 2017. Mwaka ukibadilika Waziri wa Nishati, Muhongo, akasitisha, na Januari mosi uteuzi wa Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO, Felchesmi Mramba, ukatenguliwa. Weka pembeni swali la nani alikuwa sahihi. Jiulize mkurugenzi aliyefuata, na wa shirika jingine lolote aliyekuwa anaangalia, angethubutu vipi kusaini nyongeza ya mishahara inayohitaji bei mpya. Huyo ndiye tunayekaa naye mezani.

Kwa hiyo ukisema "serikali iwashike hapohapo", tayari imetushika. Ninachouliza ni kama anayetushika anaweza kuja kukaa kwenye kiti tumwone.

#4 Mstaafu wa Moshi

Vijana, nimesoma kwa utulivu. Haya yana mizizi mirefu kuliko EWURA.

Oktoba 1966 Mwalimu alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20 na wakubwa serikalini wakapunguziwa, baada ya wanafunzi wa Chuo Kikuu kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwaka uliofuata ikaja ripoti ya Profesa Turner wa Shirika la Kazi Duniani, ikasema mishahara ya mjini inakimbia kuliko uzalishaji na inamwacha mkulima nyuma. Serikali ikaipokea. Ikaundwa Mahakama ya Kudumu ya Kazi, kila makubaliano ya mishahara lazima yapite pale, na nyongeza ikawekewa ukomo wa asilimia 5 kwa mwaka. Kwa mashirika ya umma ikaundwa SCOPO, kamati iliyopanga ngazi zote, kuanzia mfagizi hadi meneja mkuu.

Mimi niliajiriwa chini ya SCOPO. Nawaambia wazi, ilikuwa na heri yake. Fundi wa daraja langu aliyekuwa shirika la maji na mwenzake wa shirika la korosho walijua wamesimama ngazi moja. Hakuna aliyedharauliwa kwa sababu shirika lake halina mnada wa dhahabu. Na mkulima alikuwa na hoja, tusijifanye hatukumwona.

Shida ilikuja miaka ya themanini. Bei sokoni zikapanda karibu asilimia 30 kwa mwaka, ngazi za SCOPO zikabaki chini. Mashirika hayakuweza kugusa mshahara, yakagusa kila kitu kingine: posho ya nyumba, posho ya usafiri, chakula cha mchana, maziwa, likizo, mazishi. Mameneja wakatafuta mlango wa pembeni ili watu wasikimbie. Ndipo neno marupurupu lilipoota mizizi kwenye vinywa vya watu. SCOPO imeondoka na mageuzi ya miaka ya tisini, marupurupu yamebaki. Mimi nilipofika kustaafu, mafao yakahesabiwa kwa mshahara wa msingi. Zile posho zilizonilisha miaka yote hazikuonekana kwenye karatasi.

#5 Fundi Laini

Shikamoo mzee. Asante sana kwa hili, ndilo nililokuwa nalitafuta.

Jambo la mshahara wa msingi bado lipo vilevile. Mchango wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ni asilimia 5 ya mfanyakazi na 15 ya mwajiri, na unahesabiwa kwenye mshahara wa msingi. Mwajiri akikupa 200,000 ya posho badala ya kuiweka kwenye msingi, leo mfukoni unaona sawa, ila anakwepa kukuchangia 30,000 kila mwezi, na uzeeni unaikosa pensheni yake. Ndiyo maana kwenye mkataba huwa nawaambia wenzangu tusishangilie posho mpya. Tupambane iingie kwenye msingi, hata ikiwa ndogo.

#6 Binti Hesabu

Dada yenu nipo upande wa uhasibu, shirika jingine la huduma. Niongezee kitu ambacho mafundi wengi wanapoteza bila kujua: saa za ziada.

Sheria hiyo ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Jedwali la kwanza la sheria linaonyesha namna ya kupata mshahara wa saa: chukua mshahara wa mwezi, gawanya kwa 4.333, kisha gawanya kwa saa za wiki. 4.333 mara 45 ni kama 195. Kwa hiyo mwenye mshahara wa msingi wa 780,000 ana 4,000 kwa saa.

Saa ya ziada hailipwi chini ya mara moja na nusu, yaani 6,000. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5, na ikiwa ni saa ya ziada usiku, hiyo 5 inakokotolewa juu ya malipo ya saa ya ziada. Inakuwa 6,300. Sikukuu ni mara mbili, 8,000.

Sasa fundi anapigiwa simu saa 7 usiku, transfoma imelipuka, anarudi nyumbani saa 12 asubuhi. Saa 5 mara 6,300 ni 31,500. Mahali pengi anakuta "posho ya dharura" 15,000, tena ileile kwa aliyekaa saa 2 na aliyekaa saa 7. Akiitwa mara nne kwa mwezi anapoteza 66,000, na anasaini kuwa amepokea.

Hizo 15,000 hazikutoka kwenye sheria yoyote. Mtu fulani aliziandika kwenye waraka wa ndani zamani, na zikarithiwa.

#7 Fundi Laini

Binti Hesabu, umepiga penyewe. Mwanasheria wa mwajiri huwa anakimbilia kifungu cha 17, kwamba kazi ya dharura imeondolewa kwenye ukomo wa saa. Ni kweli, ukomo wa saa unaondoka, maana nguzo ikianguka barabarani huwezi kuiambia isubiri Jumatatu. Lakini kuruhusiwa kumfanyisha mtu kazi zaidi hakumaanishi kuruhusiwa kumlipa pungufu. Hayo ni mambo mawili, na kwenye kikao yanachanganywa makusudi.

Tawini kwetu tulianza na daftari. Kila gari la dharura likitoka, fundi anaandika saa ya kuitwa, saa ya kufika, namba ya tukio na saa ya kufunga kazi, msimamizi anasaini palepale kabla hajaenda kulala. Tulipopeleka daftari mezani mazungumzo yalibadilika. Kabla ya hapo tulikuwa tunasema "tunafanya kazi sana" na wao wanasema "tunathamini mchango wenu".

#8 Mwana Kisauni

Ndugu zangu wa bara Tanzania, salamu kutoka Mombasa. Kwetu Kenya hilo jambo la kalamu limeandikwa kwenye Katiba yenyewe. Katiba ya 2010, ibara ya 230, iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC. Mishahara ya maafisa wa dola inaipanga yenyewe, na kwa watumishi wengine wa umma inaishauri serikali. Neno "kuishauri" lilibishaniwa mahakamani kwa miaka. Mwaka 2015 walimu walipewa nyongeza ya asilimia 50 hadi 60 na mahakama ya kazi, Mahakama ya Rufani ikaitupa mwezi Novemba mwaka huohuo, moja ya sababu ikiwa SRC haikuhusishwa ipasavyo.

Tangu hapo, chama cha wafanyakazi wa umeme au maji kikikaa na mwajiri wa umma, mkataba hauna miguu mpaka SRC itoe ushauri wake kuhusu uwezo wa kulipa. Uzuri wake: mnajua ni nani, ofisi yake iko wapi, na mnaweza kwenda kumpinga kortini. Ubaya wake: yeye anaangalia bajeti ya nchi nzima. Kampuni ya maji ya kaunti ikipiga hatua, ikapunguza maji yanayopotea na ikakusanya vizuri, wafanyakazi wake wanapimwa kwa kipimo kilekile cha kampuni inayokufa.

#9 Fundi Laini

Kaka wa Kisauni, asante. Hapo kwenye "mnajua ni nani" ndipo ninapowaonea wivu. Kwetu barua ikipotea kati ya bodi na wizara, hakuna wa kumshitaki, kwa sababu hakuna aliyekataa. Imekaa tu.

Lakini onyo lako nimelichukua. Sitaki tume nyingine ya kupima wote kwa rula moja. Nataka mwakilishi wa Msajili wa Hazina na wa Utumishi wawepo mezani tangu siku ya kwanza, wakiwa na kiwango walichoruhusiwa, na mkataba ufungwe kabla shirika halijapeleka maombi ya bei EWURA. Hapo Mlipa Luku naye anaingia, maana EWURA inaita wadau na kusikiliza hadharani. Aone gharama ya wafanyakazi imeandikwa shilingi ngapi, aipinge akitaka, mbele yetu. Nitafurahi zaidi kubishana naye pale kuliko kusubiri barua.

#10 Mtunza Pampu

Mnazungumza ya wakubwa. Mimi ni mtunza pampu kijijini, chombo cha jamii cha maji. Sina ngazi ya mshahara. Nalipwa kutokana na ndoo zinazochotwa. Mvua ikinyesha watu wanakinga maji ya bati, mapato yanashuka, kamati inaniambia tuvumiliane. Kiangazi napampu mchana na usiku, pesa ipo, ila wanasema tuweke akiba ya kutengeneza mashine. Mkataba wa hali bora sijawahi kuuona. Je, sisi tuko kundi gani?

#11 Fundi Laini

Ndugu yangu, pole sana, na samahani kwa kuwa uzi umefika hapa kabla hujatajwa.

Upande wa maji una matabaka. Mamlaka kubwa za miji zinazojiendesha zenyewe zinalipa watu wake kwa makusanyo. Za chini zaidi, kwa mgawanyo wa madaraja uliozoeleka, serikali huzibeba mishahara ya watumishi wa kudumu na umeme wa mitambo. Chini yake kabisa mpo ninyi wa vyombo vya jamii, ambavyo tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 vinasimamiwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini. Hapo mshahara wa mtunza pampu unategemea mvua, na huo si mfumo wa malipo, ni kumhamishia mtu mmoja hasara ya kijiji kizima. Mteja wa mjini hapunguzi mshahara wa fundi kwa sababu mvua imenyesha.

Katazo la mgomo linasema "maji". Halisemi maji ya mjini. Ukifunga pampu siku tatu kudai stahiki zako utaambiwa umevunja sheria ya huduma muhimu. Kama wewe ni muhimu kiasi hicho siku ya kufunga, uwe muhimu pia siku ya kulipwa. Kwa kuanzia, mkutano wa watumia maji uandike mshahara wako kuwa gharama ya kwanza ya kudumu ndani ya bei ya ndoo, kabla ya akiba ya matengenezo, na uwe na mkataba wa maandishi. Na usikubali kuitwa anayejitolea. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu akifanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine kwa saa zilizopangwa, au akimtegemea kiuchumi, anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kifungu hichohicho kinawahusu vijana wanaopanda nguzo kwa wakandarasi. Wao hawaguswi na nyaraka za Utumishi, wanaguswa na amri ya kima cha chini ya sekta binafsi. Ile ya 2013 iliweka nishati 400,000 kwa kampuni za kimataifa na 150,000 kwa kampuni ndogo. Nguzo ni ileile, umeme ni uleule wa kilovolti 33, na aliyeko juu kwa niaba ya kampuni ndogo alikuwa na haki ya chini ya nusu. Amri zimehuishwa baada ya hapo, lakini mgawanyo wa aina ile uliniuma na bado unaniuma. Umeme haumuulizi mtu ameajiriwa na nani.

#12 Mlipa Luku

Fundi, nimebadilika kidogo. Hili la mtunza pampu sikuwa nalo kichwani. Ila bado nasema: mkilipwa vizuri, na sisi tupewe kipimo. Kama transfoma ya mtaani kwangu inakaa siku nne bila kurekebishwa, nani anakatwa?

#13 Mstaafu wa Moshi

Hapo kuwa makini, mwanangu. Malipo ya kufuata matokeo tumeshayaona. Mwaka 2002 TANESCO ilikabidhiwa kwa Net Group Solutions ya Afrika Kusini, mkataba uliokuwa na malipo ya ziada kulingana na mafanikio ya makusanyo. Wakafukuza wadaiwa, zikiwemo ofisi za serikali, makusanyo yakapanda kweli. Mwisho wa 2006 wakaondoka. Mtambo ulikuwa uleule mkongwe, na mwaka huohuo nchi iligubikwa na mgao mkali. Ukimlipa mtu kwa kukusanya, atakusanya. Transfoma yako haikusanyi.

#14 Fundi Laini

Nakubaliana na mzee. Kipimo kiwepo, lakini kiwe cha kituo kizima na kihesabu kile mteja anachokiona: saa kutoka simu ilipopigwa hadi umeme uliporudi. Na kihesabu vifaa pia. Siku nne za transfoma mara nyingi ni fundi yupo, gari lipo, transfoma haipo stoo. Ukimkata fundi kwa hilo umemwadhibu aliyekuwa tayari.

#15 Binti Hesabu

Kabla uzi haujalala: kuna walioniuliza faragha wafanye nini na zile posho za dharura zilizolipwa pungufu. Chukua slipu za mishahara, weka na nakala ya daftari la matukio, kokotoa saa kwa saa kama nilivyoonyesha, peleka barua kwa mwajiri, upate muhuri wa kupokelewa. Kwa mlioajiriwa na wakandarasi na kampuni binafsi, mkikwama mnajaza Fomu Na. 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi una siku 60 tangu ulipoanza. Msikae na karatasi kabatini.

#16 Fundi Laini

Nyongeza muhimu kwa watumishi wa mashirika ya umma: tangu marekebisho ya 2016, kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma kinataka mmalize kwanza njia za ndani ya sheria hiyo kabla ya kwenda kwenye vyombo vya sheria za kazi. Mashauri mengi yametupwa kwa sababu hiyo tu, madai yenyewe yakiwa hayajasikilizwa. Kabla ya kujaza fomu yoyote, mwoneni katibu wa chama wa kanda au mwanasheria, awaambie ninyi mnaanzia mlango gani. Wenye daftari la matukio na wangependa kuona jinsi tulivyolipanga, niandikieni, nitawatumia mfano wa ukurasa bila majina.